Mashine ya Kwenda Morogoro

Baba yangu, Cornel Mazengo, alizaliwa Gulwe, karibu kabisa na reli. Babu alikuwa kwenye genge la kukarabati njia ya treni. Mwaka 1971 baba alipojiunga na wanamaji, alikuwa hajawahi kuona maji yasiyo na ng'ambo. Wiki ya kwanza alitapika mpaka wenzake wakampa jina la Nchi Kavu, na jina hilo alidumu nalo miaka yote kumi na mmoja ya jeshi.

Walimweka chini kwenye injini, kwa sababu mkono wake ulikuwa mtulivu. Huko ndiko alikojifunza kukereza chuma: kukifunga kwenye mashine, kukizungusha, kukinyoa kidogo kidogo mpaka kiingie mahali pake bila kugongwa nyundo. Huko ndiko pia sikio lake la kushoto lilikokufa kwa ngurumo. Nilipokuwa mtoto, nikitaka kumwomba kitu, nilihakikisha kwanza nimekaa kulia kwake.

Aliacha jeshi 1982, tukahamia Dodoma, mtaa wa Chang'ombe. Alipata kazi kwenye karakana ya shirika moja la umma, na mle ndani kulikuwa na mashine ya kukereza yenye urefu wa vitanda viwili. Wengine waliijua juujuu. Baba aliijua kiasi kwamba ikibadilisha sauti alisimama akiwa katikati ya sentensi. Pampu ya kisima ikiharibika Mvumi au kule Kolo, shafti yake, kile chuma kirefu kinachozunguka ndani, ililetwa kwake imefungwa kwenye gunia, na baada ya siku mbili ilirudi ikiwa mpya. Mama yangu, Generosa, alikuwa akifua mashati yake kwa tahadhari, maana vinyweleo vya chuma vilikuwa vikimchoma vidoleni.

Mwaka 1994 karakana ilifungwa. Wafanyakazi waliitwa uani, wakaelezwa habari za biashara huria na mashirika yasiyojiendesha, kisha kila mtu akapewa barua yake. Baba alikuwa na miaka hamsini. Vipuri vilikuwa vimeanza kujaa madukani, vimetoka nje, vimefungwa kwenye nailoni. Alinunua kimoja, akakigeuzageuza mezani, akakiweka chini.

"Ni kizuri?" nilimuuliza.

"Ni cha kutupa. Lakini kinapatikana leo."

Kwa miaka miwili mlinzi wa pale, mzee Sila, alimruhusu kuingia kila Jumamosi. Baba alikuwa akiifuta mashine vumbi, akaipaka mafuta, akarudi nyumbani. Umeme ulikuwa umekatwa. Alikuwa akiizungusha kwa mkono ili isigande.

Oktoba 1996 alikuja nyumbani kijana mmoja wa suruali iliyopigwa pasi vizuri, akajitambulisha kwa jina la Deusdedit, kwamba ametumwa na mnunuzi wa lile jengo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Karibu ukae."

"Tumeambiwa wewe ndiye unayeijua ile mashine. Tunataka kuitoa, jengo linakuwa ghala."

"Inakwenda wapi?"

Yule kijana alisita kidogo. Nilikuwapo, nilimwona. "Morogoro," alisema. "Kuna karakana huko."

"Basi isifunguliwe na mtu mwingine."

Alifanya kazi hiyo siku nne, akisaidiwa na Marko, mwenzake wa zamani. Kila kipande alikipaka grisi, akakizungushia gunia, akakiandika namba kwa rangi nyeupe, kutoka moja mpaka themanini na tatu. Jioni alikuja na daftari, akaniomba nimpigie chapa maelezo ya kuiunganisha upya, maana mimi nilikuwa mpiga chapa serikalini. Yalijaa kurasa nne. Mwisho aliandika: *Fundi atakayepokea, kipande namba 41 kina tabia ya kulegea, usikikaze kwa nguvu. Niite nitakuja.* Siku hiyo alikula vizuri. Alimwambia mama kwamba huenda wakamhitaji mwezi mzima kule, hivyo amtengenezee mashati mawili.

Wiki tatu baadaye nilitumwa kupeleka bahasha upande wa viwandani. Nikapita kwenye uwanja wa mnunuzi wa chuma chakavu. Kulikuwa na vijana wawili wenye mtungi wa gesi wanakata kitu kirefu. Kando yao magunia yalikuwa yamechanwa na kutupwa. Niliona 17. Niliona 62. Namba saba ya baba ina kistari katikati, hakuna mwingine anayeiandika vile.

Nilisimama pale mpaka mmoja wao akaniuliza natafuta nani. Nikasema hakuna.

Nyumbani nilimkuta baba ananyoa ndevu. Nilikuwa nimepanga maneno njiani kote. Akaniuliza, "Edina, ofisini kwenu simu za Morogoro zinaingia?" Nikasema zinaingia, ila kwa shida. Hapo ndipo nilipoharibu kila kitu.

Mwezi ukapita. Akaniomba nimwandikie barua Deusdedit. Nikaipiga chapa mbele yake, akatia sahihi, nikaichukua kwenda kuituma. Niliiweka kwenye droo ya meza yangu ya kazini. Februari akaandika ya pili, nayo nikaiweka hapo hapo. Nilijiambia kwamba atasahau. Nilimwambia mama, naye akasema, "Mwache. Akiwa anasubiri anakula."

Mei 1997 nilirudi kutoka kazini nikakuta baba hayupo. Alikuwa amepanda basi asubuhi na begi lake na nakala ya zile kurasa nne. Mama alijaribu kumzuia bila kusema sababu, na bila sababu hakuna aliyeweza kumzuia baba.

Alikaa Morogoro siku tatu. Tulikuja kujua baadaye kwamba alitembea karakana moja hadi nyingine, akiwaonyesha karatasi, akiuliza kama wamepokea mashine kutoka Dodoma, na kama wameifunga vizuri. Aliporudi viatu vyake vilikuwa vimepasuka pembeni. Alikaa kwenye kiti cha uani, begi likiwa miguuni.

"Nilimpitia Marko kwake nilipotoka stendi," alisema. "Kaniambia. Anasema mji mzima unajua. Na wewe ulijua?"

"Nilijua, baba."

"Tangu lini?"

"Tangu Novemba."

"Na barua?"

"Ziko kazini. Kwenye droo."

Nilisubiri anifokee. Ningefurahi kama angenifokea. Aliitazama mikono yake.

"Nimewasumbua watu wa watu," alisema. "Ile karakana ya mwisho walicheka. Walijizuia, lakini niliona. Niliifungua mwenyewe, Edina. Nati moja moja. Wao wasingejua pa kuanzia."

"Wangeikata hapo hapo, baba. Isingekuwa tofauti."

Sijui kama alisikia. Nilikuwa nimekaa kushoto kwake, na sikuwa na ujasiri wa kuhama.

Mwaka huo huo waliondoka yeye na mama, wakarudi Gulwe. Alilima uwele na karanga, na mvua zile za El Niño zikazibeba karanga zote. Mwaka uliofuata pampu ya kijiji ikasimama. Wazee watatu walikwenda kwake, wakisema wamesikia kwamba ni fundi, na kwamba kule mjini shafti kama ile alikuwa akiitengeneza yeye. Mama anasema aliwapokea vizuri, akawapa viti, akawaambia wamekosea nyumba. Tangu siku hiyo wanawake wakawa wanatembea saa nzima kwenda kuteka maji kijiji cha jirani, na mama alikuwa mmoja wao, na kila asubuhi baba alimwona akiondoka na ndoo. Mama hakumwambia neno. Nadhani angemwambia ingekuwa afadhali kwa wote wawili.

Nilikwenda kuwaona mara mbili. Nilimpelekea sukari, sabuni na betri za redio. Tuliongea habari za mbuzi. Nilikuwa nimejiandaa kumwomba msamaha, na mara zote mbili alinitangulia kwa kusema treni inakaribia, nisije nikaachwa. Nikapanga kwenda Desemba, nikiwa na likizo ndefu, tukae tuongee mpaka tumalize.

Alifariki Agosti 1999. Mama anasema asubuhi ile aliomba uji. Mama akaenda kuuchemsha, na alipouleta alimkuta baba ameegemea ukuta, macho wazi, akitazama upande wa stesheni. Akamwita mara mbili kabla hajaweka bakuli chini.

Tulimzika siku iliyofuata, kabla jua halijakuwa kali. Mchungaji alisoma kwamba marehemu alikuwa mkulima, kwa kuwa hivyo ndivyo alivyoandikishwa pale kijijini, na hakuna aliyemsahihisha, hata mimi. Jumatatu nilikuwa nimerudi kazini, maana ruhusa niliyopewa ilikuwa ya siku tatu tu.