Nililiinua Gari, Nikamsahau Mama Mkwe

Nilirudi Eldoret kutoka Uarabuni na vitu viwili ambavyo hakuna mtu angeweza kuninyang'anya: diploma ya ufundi wa magari, na mkono uliozoea kuinua magari ya jangwani ya matajiri. Diploma niliitundika sebuleni, mahali ambapo mgeni akikaa hawezi kukosa kuiona. Mkono nikawa nautafutia kazi.

Kazi ilipatikana nyumbani kwa wakwe zangu, mbele kidogo ya mji mdogo wa Ziwa, tulipokaa kupanga arusi ya kitinda mimba wao. Barabara ya kwao mvua ikinyesha huwa uji. Likazuka swali la mama mkwe: angefikaje kanisani mjini akiwa safi? Kaka yake mke wangu, ambaye ni mwalimu, ana gari dogo jeupe ambalo huliosha kila asubuhi. Kabla hajafungua mdomo nikasema, "Mama ataenda na mimi. Mvua inyeshe, isinyeshe." Wazee wakatikisa vichwa kukubali. Baada ya hapo sikuwa na njia ya kurudi nyuma; ilibidi niliinue gari langu, bodi ikae juu ya matope.

Seti kamili ya kuinua gari, ile inayokuja kwa sanduku lenye picha ya jangwa, ni ya watu wasio na akili za kutumia. Mimi nilichora mwenyewe spesa, zile pete nene za chuma zinazokaa juu ya springi na kusukuma bodi juu, nikampelekea fundi wa kukereza vyuma.

"Umetoa wapi hizi vipimo?" akauliza.

"Kichwani."

"Na zikikataa kuingia?"

"Kata kichwa."

Zikaingia. Nikabadilisha shokabzoba nikaweka ndefu, nikarefusha mipira ya breki, kisha nikanunua matairi ya mitumba yenye meno kama ya trekta. Yalipogusa madigadi kwenye kona, nilichukua grainda ya kukatia chuma nikayapunguza hayo madigadi, nikayapaka rangi, hata wewe usingejua. Vikanyagio vya pembeni, vile vya kupandia garini, nikaving'oa kabisa, kwa sababu vinaharibu sura. Nililijaribu kwenye njia za msitu wa Kaptagat, na wanariadha waliokuwa mazoezini wakasimama kulitazama. Hao si watu wa kusimama ovyo.

Jumamosi ya arusi tuliamkia mvua iliyonyesha usiku kucha. Nilipita kwenye matope yale kama mtu anayekata keki. Mke wangu alikuwa mjini tayari akimvalisha bibi arusi, kwa hiyo langoni nilimkuta Mwalimu tu, na suti yake, na gari lake.

"Shemeji, hii ni gari ama ghorofa?"

"Ni gari. Yako ndiyo sijui niite nini."

Mama akatoka. Gauni jipya la kitenge, limembana vizuri mpaka kwenye vifundo vya miguu, na kofia ya kanisa. Nikamfungulia mlango wa mbele kwa madaha. Sakafu ya gari ikawa usawa wa kiuno chake.

Mama akaliangalia gari. Akaniangalia mimi. Mimi nikaangalia ng'ombe.

Mtu wa kwetu hamshiki mama mkwe. Mnasalimiana kwa mkono, kwa adabu, basi. Kumshika kiunoni umsukume kwenye gari ni jambo litakalosimuliwa mpaka uzeeni mwako.

"Mama, nikuinue?" Mwalimu akauliza. Yeye ni mtoto wake, angeweza.

"Mimi ni gunia ya mahindi?"

"Basi kuja kwa yangu. Unakaa tu."

Mama akashika mkoba wake akaanza kwenda kwenye lile gari jeupe. Akilini nilimwona tayari amekwama nalo bondeni, kitenge kimejaa matope, na wazee wakiulizana ahadi yangu ilikuwa ya nini. Ndipo macho yangu yakaangukia jukwaa la mbao lililo kando ya barabara, ambapo majirani huweka mikebe ya maziwa wakingoja lori.

"Mama," nikasema, "na ile jukwaa ya maziwa?"

Akasimama. Akacheka kidogo. "Hiyo mimi hupanda kila siku na mkebe."

Nikalisogeza gari mpaka likabusu mbao. Mama akapanda vingazi vya mbao vya jukwaa bila kushikwa na mtu, akaingia kwenye kiti kama anayeingia jikoni kwake. Akarekebisha kofia, akamwangalia mwanawe kutoka juu.

"Mwalimu, tangulia. Ndio tukuone."

Tulimwona. Bondeni, kabla ya lami, magurudumu yake yalikuwa yakizunguka tu. Nikatoa kamba, lakini Mama akanizuia kwa kidole, akashusha kioo.

"Mwalimu, hiyo ni gari ama ni jembe?"

"Mama, tutachelewa."

"Mwambie mkwe wangu, si mimi."

Mwalimu akanigeukia. "Shemeji, tafadhali."

Nilimvuta. Kama bonneti yake nyeupe ilirushiwa matope kidogo, matairi makubwa yana tabia zake.

Kanisani ndipo kicheko kiliponikauka. Mjini hakuna majukwaa ya maziwa. Watu wa bwana arusi walikuwa wamejipanga uani, wote wakitutazama. Mwalimu akaja mbio na kiti cha plastiki.

"Toa hiyo," Mama akasema taratibu. "Sishukii kiti mbele ya wakwe."

Nikaangalia ngazi za kanisa, na veranda iliyoinuka pale juu. Nikaweka gia ya chini. Gari likapanda ukingo wa mawe, likapita katikati ya maua bila kuvunja hata moja, likatulia ubavuni mwa veranda. Mzee wa kanisa aliyekuwa akija huku akipunga mikono alimwona aliye dirishani, akaishusha. Mama akafungua mlango, akaweka mguu mmoja nje, na tayari alikuwa mlangoni mwa kanisa, viatu vikavu. Wanawake wakapiga vigelegele, na bibi arusi alikuwa hata hajafika.

"Mkwe," akaniambia bila kugeuka, "hii gari usiishushe."

Vikanyagio viko stoo mpaka leo. Mke wangu huuliza nitavirudisha lini. Mama hajauliza hata mara moja. Kukiwa na sherehe, hunipigia simu siku moja kabla, niende nikaangalie kama huko kuna veranda. Nami huenda.