Nyumba Aliyoiona kwa Mikono

Kazi yangu ni kupiga picha za nyumba. Watu wa hapa Kolwezi wakisikia hivyo hucheka kidogo, kisha huuliza: "Na harusi je?" Harusi nilizipiga zamani, pamoja na ubatizo na zile picha ndogo za vitambulisho mbele ya shuka jeupe. Lakini mji ulipoanza kujaa wahandisi na wafanyabiashara waliotafuta mahali pa kupanga, madalali walihitaji picha za kuwatumia wageni hao kwenye simu kabla hawajapanda ndege. Nilijaribu nyumba ya kwanza, nikaipenda kazi. Bibi harusi hupepesa macho, ukuta haupepesi.

Jambo nililolijua kuliko yote lilikuwa kuondoa. Nikiingia saloni ya mtu, yaani sebule yake, natoa viatu vya ndara chini ya meza, ndoo mlangoni, kalenda ya parokia, waya wa chaja unaoning'inia. Nafuta vumbi jekundu ambalo malori ya madini hutuletea kiangazi chote. Kisha nafunga lenzi pana, ile inayoweza kukifanya chumba kidogo kionekane kama ukumbi, na madalali wanafurahi.

Siku moja mwanamke nisiyemjua alinipigia simu. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na alikuwa ameona picha nilizopiga kwenye nyumba ya jirani yake. Aliniomba nifike kwa mama yake, mtaa wa Dilala, katika zile nyumba za zamani za matofali zilizojengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa mgodi.

"Inapangishwa?" nikauliza.

"Hapana. Tunahama. Shimo ya mugodi inakaribia, barabara yote inahama. Tunataka foto ya kila chumba mbele ya kuondoka."

Nikafikiri ni ukumbusho. Watu wengi wanaohama hutaka hivyo. Nilipanda pikipiki ya taxi-moto asubuhi, begi la kamera kifuani na miguu mitatu ya kamera mgongoni, nikafika jua likiwa bado laini.

Mama mwenyewe alikuwa amekaa kwenye barza, yaani ukumbi wa mbele ya nyumba, kitambaa kichwani, akichambua sombe, majani ya muhogo. Alikuwa mjane wa karani wa mgodi. Nilipomsalimu aliinua uso, lakini macho yake yalipita kando ya sikio langu.

"Karibu, mutoto yangu. Unatoka mbali?"

"Hapana, mama. Niko hapa hapa mjini."

"Bon. Ingia. Nyumba njo hii."

Niliingia na kuanza kama nilivyozoea. Kulikuwa na kigoda katikati ya njia, kati ya meza na kabati, mahali ambapo hakuna mtu angeweka kigoda. Nikakivuta pembeni. Miguu yake ilikwaruza sementi, na sauti ya mama ikaja kutoka nje, bila haraka.

"Rudisha kiti fasi yake. Usitoshe kitu, mama. Hata kimoja."

Nikakirudisha. Kwetu mwanamke mdogo kama mimi naye huitwa mama. Binti yake alitoka jikoni akipangusa mikono, akanieleza taratibu, kwa sauti ya chini. Mama yake alikuwa haoni tena ila mwanga na kivuli. Ilikuwa imeanza kidogo kidogo, miaka mingi nyuma, baba akiwa bado hai. Lakini ndani ya nyumba ile hakuhitaji mtu wa kumshika. Alipika mwenyewe, alifua mwenyewe, aliwapokea wageni wa kanisa na kuwamiminia chai bila kumwaga. Hofu ya familia ilikuwa nyumba mpya. Walikuwa wamemwona mjomba wao mmoja aliyepofuka, akahamishiwa kwa wanawe, na tangu siku ile hakuinuka tena kitini.

"Njo maana tulikuita," alisema. "Tunataka kupanga nyumba ya mupya sawa na hii. Kila kitu fasi yake. Sisi tunaishi humu, hatuoni tena bitu. Weye utaona."

Nilisimama pale saloni, lenzi pana mkononi. Lenzi ile husema uongo mzuri, hurefusha vyumba. Mama akipimiwa hatua zake kwa picha kama hizo, angejigonga kila siku. Nikairudisha kwenye begi, nikachukua ile ya kawaida ambayo kwenye kazi za nyumba nilikuwa siitumii karibu kamwe. Niliomba fimbo yoyote. Binti akaniletea mpini wa ufagio, tukauchora alama kwa chaki, naye akausimamisha pembeni ya kila kitu nilichopiga, ili fundi aweze kusoma urefu na umbali.

Kisha nikamwomba mama anitembeze.

Aliacha sombe, akanawa, akaingia. Alianza mlangoni. Mkono wake wa kulia uligusa ukuta, ukateleza, ukafika kwenye mgongo wa kiti, kutoka kiti kwenda kile kigoda, kutoka kigoda kwenda ubao wa kabati. Kigoda kilikuwa daraja lake. Nilimfuata nikipiga picha nyuma yake, si kwa urefu wa macho yangu bali kwa urefu wa mkono wake. Na hapo niliona kitu ambacho kwa kazi nyingine ningekifuta kwenye kompyuta: mstari mweusi, unaong'aa kidogo, uliokimbia ukutani kutoka saloni mpaka jikoni. Ni mahali mkono wake ulipopita kwa miaka.

"Hii etajere bwana yangu aliifanya," alisema jikoni, akipapasa rafu ya mbao iliyoinama upande mmoja. "Alikuwa mutu wa biro, hakujua mbao. Unaona vile inalala? Chumvi njo iko upande wa chini, paske inateleza inakuja yenyewe."

Akacheka, nami nikacheka. Nikaipiga picha rafu na mteremko wake, fimbo pembeni.

Mchana mgodi ulilipua baruti. Vikombe vililia kabatini, na vumbi laini likashuka kutoka kwenye ufa wa dari. Mama aliweka kiganja ukutani kama mtu anayemtuliza mnyama, akangoja, kisha akaendelea na maneno yake palepale alipoyaachia.

Hawakuniruhusu niondoke bila kula. Tulikula bukari, yaani ugali, na sombe ile ile, na samaki wa mtoni, na mama alikuwa akinisukumia vipande vizuri bila kukosea upande niliokaa.

Mvua za kwanza zilikuwa zimeanza binti aliponiita tena. Nyumba mpya ilikuwa nje ya mji, ya matofali ya sementi, ndogo kuliko ile. Picha zangu zilikuwa zimebandikwa kwa utepe kila ukuta, nyingine zikiwa na alama za vidole vyenye rangi. Fundi alikuwa ameuhamisha mlango wa jikoni ufungukie upande wa kushoto. Rafu ya baba ilikuwa imepigwa misumari ikiwa imeinama vilevile. Binti alisema fundi aliona aibu sana, akaomba mara kadhaa ainyooshe, wakamkatalia. Kigoda kilikuwa katikati ya njia.

Gari lilimleta mama kabla ya saa sita. Binti alimshusha, akamfikisha barzani, akamwachia mkono. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ngumu kwake, kumwachia. Alibaki ameukunja mkono wake kifuani.

Mama aligusa mlango. Ukuta. Mgongo wa kiti. Alipokipata kigoda alisimama, akakipigapiga kwa vidole, akasema, "Eee." Akaendelea hadi kabatini, akafungua, akapata vikombe. Nilikuwa nimebeba kamera lakini sikuikumbuka.

Jikoni alikosea. Au sisi tulikosea. Aligeuza uso kushoto na kunyoosha mkono kutafuta dirisha, ule mwanga uliokuwa ukimwambia saa za siku, na mkono wake ukakuta sementi mbichi. Dirisha la nyumba hii lilikuwa nyuma yake. Alipapasa juu, akapapasa chini. Binti alitaka kumwendea, nikamshika bega bila kufikiri.

"Dirisha mulilisahau Dilala," mama akasema hatimaye.

"Mama, fundi alisema ukuta ule—"

"Acha. Mi nitajifunza ile moja." Akageuka polepole mpaka mwanga ukamwangukia usoni. "Ah. Iko huku. Bon. Muniletee makala."

Akawasha mbabula, jiko la makaa, mwenyewe, akatafuta chumvi kwenye upande wa chini wa rafu, ikaja. Kabla hatujakaa kula aliomba tubaki tumesimama, akasali kwa sauti. Alimshukuru Mungu kwa bwana yake, kwa fundi, kwa mvua, na kwa "ule mama wa foto aliyeangalia bitu byangu bya ovyo muzuri kuliko sisi." Nililia pale nikiwa nimeshika sahani tupu, na sikuona haya.

Bado nafanya kazi za madalali. Bado natoa ndara na ndoo, maana ndivyo mgeni anavyotaka kuona, na kazi hiyo inanilea mimi na wanangu. Lakini baada ya picha za dalali mimi hubaki kidogo, narudisha kila kitu mahali pake, na kumwuliza mwenye nyumba kama angependa nimpigie nyingine, yake mwenyewe. Wengi hushangaa. Wengi hukubali. Kwa njia hiyo nimeingizwa jikoni mwa watu na kuonyeshwa vitu ambavyo hawakuwa wamemwonyesha yeyote, na sijui ningefanya kazi gani nyingine ambayo ingenipa heshima hiyo.

Kwa mama huyo hupita nikiwa na safari ya upande ule. Mara ya mwisho nilimkuta amesimama kando ya ukuta wa jikoni, akimwelekeza mjukuu wake mahali pa kupigilia msumari kwa ajili ya kitambaa cha vyombo. Alisikia sauti yangu.

"Kaa," alisema. "Chakula iko karibu."

Nikakaa.