Mwani wa Ukingoni

Siku yangu ya kwanza kazini, Mhandisi wa Maji wa Wilaya pale Kayanga alinikabidhi sahani nyeupe ya bati iliyofungwa kamba yenye alama. Akaniambia niishushe ziwani mpaka isionekane, kisha nisome kina. Vita vya mpakani vilikuwa vimekwisha si zamani. Maji yakiwa safi, sahani huonekana hadi chini sana. Mwani, yaani majani madogo mno ya kijani yaotayo majini, ukizidi, sahani hupotea karibu na uso wa maji. Hayo ndiyo mafunzo yote niliyopewa. Mengine nilijisomea kwenye kitabu cha kuazima, na kwa kuwa sikuwa na cheti, niliogopa kukosea zaidi kuliko nilivyoogopa kuzama.

Kituo changu kilikuwa kando ya ziwa, mwendo mrefu wa baiskeli kutoka kijiji cha Bweranyange. Kila asubuhi, saa mbili kamili, nilipiga kasia hadi kwenye boya la katikati. Kitabu kilisema upime mahali pale pale, saa ile ile, na utoe onyo vipimo vitatu mfululizo vikiwa vibaya.

Kiangazi kimoja joto lilikaa siku nyingi bila upepo, kisha ukaanza kuvuma kidogo kuelekea kwetu. Mama Koku, mjane mwenye ng'ombe watatu, alinikuta nafunga mtumbwi. Nilimpa shikamoo. Akasema maji ya kunyweshea yamekuwa mazito kama rangi ya kupaka mlango.

"Katikati ni safi, mama. Nimepima leo."

"Ng'ombe wangu hawanywi katikati, bwana maji."

Nilicheka. Naungama kwamba nilijua anasema kweli. Mwani wenye sumu huelea, na upepo mwepesi huukusanya ukingoni. Nilikuwa nimelisoma hilo, hata mchoro wake niliunakili. Lakini sikuwa na vipimo vitatu vibaya. Sikuwa na hata kimoja. Siku ya tatu ng'ombe wake wawili walikuwa wamelala ukingoni, wamekufa, midomo ya kijani.

Nilikwenda Kayanga nikitegemea kufukuzwa. Mhandisi alipitia daftari langu lisilo na doa, akalifunga.

"Umepima vizuri sana, kijana. Sasa niambie, nani anakunywa pale ulipopima?"

Tangu hapo nilichota maji ya ukingoni kwenye chupa ya kioo na kuyaacha yatulie. Utando wa kijani ukipanda juu, ni hatari. Nikajifunza pia kubashiri. Joto, utulivu, kisha upepo wa kuja kwetu: nilitundika kitambaa chekundu kabla mwani haujafika, ng'ombe wapelekwe kwenye chemchemi nyuma ya kilima. Mara nyingi mwani haukuja kabisa, na watu walinitania kwamba nawapa mifugo yao mazoezi ya jeshi.

Sasa nimestaafu, na vijana wenye vyombo vya kisasa huniuliza nilipatia mara ngapi. Nawaambia nilikosea mara nyingi zaidi kuliko nilivyopatia, na kila kosa liliniuma. Jioni moja ya miaka ile Mama Koku alinipita akirudi kutoka chemchemi na ng'ombe wake aliyebaki.

"Leo tena umetutembeza bure, bwana maji."

"Nisamehe, mama. Maji yalikuwa safi."

"Na kesho?"

Sikuwa na uhakika. Nikamwambia kesho pia apite kilimani. Akaguna, akamswaga ng'ombe kwenda nyumbani. Asubuhi nilimwona anapanda, ng'ombe mbele.