Insha ya Mwisho ya Jannat

Kila mtoto wa mtaa wa Kuze aliyepitia kwa Bi Jannat anaijua sheria yake: neno la mwalimu halipunguzwi wala haliongezwi. Miaka kumi na mitano amefundisha madrasa hivyo, kama alivyofundishwa na marehemu babake. Masikini, sheria hiyo hiyo ndiyo iliyomtia kitanzini.

Aliingia chuo kikuu kusomea ualimu akiwa na miaka thelathini na saba. Kiingereza cha kuandikia insha kilimwangusha mara mbili. Akianguka ya tatu, jina lake linafutwa. Basi mtihani wa insha ya malezi ulipofika, alifanya analolijua. Alihifadhi sura nzima ya kitabu walichopewa na Mwalimu Wanza, akaimwaga kwenye karatasi nukta kwa nukta. Jina la kitabu hakulitaja. Kumtajia mwalimu kitabu alichokupa mwenyewe, kwao, ni kumkosea adabu.

Wanza alimwita ofisini, akamwekea kitabu na insha ubavu kwa ubavu, akamwambia huo huitwa wizi. Uso wa Jannat ulimwaka moto. Mwizi, yeye, asiyeokota hata embe la jirani.

“Sikuiba, Mwalimu. Nilihifadhi.”

“Najua,” Wanza akasema kwa upole. “Lakini nimesoma kurasa zote nikikutafuta wewe, sikukuona.”

Akampa hadi Ijumaa saa sita aandike upya, kwa maneno yake mwenyewe.

Asubuhi ya Ijumaa mamake alimkuta sebuleni, macho mekundu, karatasi nyeupe.

“Mwanangu, si sura yote ushaihifadhi? Walia nini tena?”

Malezi anayajua, kwa Kiswahili angeyasema mpaka koo limkauke. Kwa Kiingereza hana hata sentensi moja ya kwake, zote za kuazima.

Mwishowe akaandika moja: kwamba mtoto akiogopa, hasikii. Akaisoma. Ilichechemea, na makosa aliyaona lakini hakujua kuyatengeneza. Ayaone makosa haya Wanza, na ajue kuwa huyu ndiye Jannat? Maneno ya kitabu yalikuwa yamemjaa kichwani, mazuri, hayana doa. Alijua vyema yatamfikisha wapi.

Akaikata sentensi yake, akaanza kuiandika sura ya kitabu tangu mwanzo. Hakukosea hata neno.