Miti ya Miaka Mitatu

Baba yangu alikuwa mchonga pinde, na Wadachi walipoagiza silaha zote zipelekwe bomani Arusha, alikuwa ameanza kupoteza macho. Nayasema yote mawili kwa mkupuo kwa sababu yalitufika msimu mmoja, na kwa sababu wajukuu zangu hudhani wakati ule sote tuliinamisha vichwa tu. Mimi sikuinamisha. Mama alikuwa amekwisha kufariki, nami nilikuwa nimerudi nyumbani kutoka kwa mume aliyenichosha. Sikuwa na hamu ya kuamriwa na mwanamume mwingine.

Karakana ya Baba ilikuwa kibanda upande wa juu wa migomba yetu, kwenye mteremko wa Meru. Ndani kabisa kulikuwa na moto wa kufuka moshi, na juu, chini ya paa, kulikuwa na dari tatu za fito. Karibu na mlango alilaza miti ya mkole aliyoikata mwaka ule, katikati ile ya mwaka uliopita, na juu kabisa ya moto ile iliyokuwa imekaushwa kwa miaka mitatu. Kila baada ya mvua za masika aliisogeza nafasi moja. Kwa hiyo hakuhitaji macho. Alipiga hatua tatu, akainua mkono, na mti alioutaka ukawa umo mkononi mwake. Siku moja nilifagia nikaweka tezo yake ya kuchongea upande mwingine, akajikata kiganja. Kesho yake niliikuta tezo imerudi pale pale.

Jumbe wa kijiji alikuja asubuhi moja akasimama nje. Alisema kila nyumba itoe pinde na mikuki, na baada ya siku sita askari atapita kukagua, na kibanda cha mchonga pinde akikikuta na miti atakichoma pamoja na miti yake.

"Na nguruwe wa porini nao wameambiwa?" Baba aliuliza.

"Mzee, mimi nimetumwa tu."

"Upinde ulio nyumbani kwako niliuchonga mimi. Wewe utaupeleka?"

Jumbe alitazama chini, akaaga. Nilimchukia siku ile, na sijaacha. Nguruwe walikuwa wakifukua magimbi yetu, nyani wakivunja mahindi, na kitu pekee kilichowazuia ni upinde. Lakini hilo halikuwa kubwa kuliko yote. Miti ile ikichomwa, Baba angelazimika kukata mingine na kungoja miaka mitatu, na kwa umri wake na macho yale hakuwa na miaka mitatu ya kungoja. Kazi yake ingekufa kabla yake.

Nikamwambia Baba hatutoi kitu isipokuwa pinde nne mbovu zilizopasuka, ili askari wasiondoke mikono mitupu. Mengine niachiwe mimi.

Mchana ule ule niliishusha miti yote. Migomba yetu ilikuwa na mikungu mizito, na mkungu mzito huegemezwa mti usije ukavunja mgomba. Nikachomeka miti ya Baba chini ya mikungu, mmoja baada ya mwingine, hadi dari zikabaki tupu. Nilijiona mjanja kupindukia. Nani angekagua miegemeo ya ndizi? Jioni ikanyesha mvua, nami nikalala usingizi mzuri.

Asubuhi Baba alitoka akawa anapapasa miegemeo. Alifika kwenye mmoja, akaung'oa, akaunusa upande uliokuwa kwenye tope, kisha akakaa chini pale pale penye majani mabichi.

"Huu ulikuwa umeiva," alisema. "Umeurudisha shambani."

Mti wa mkole ulioiva kwa moshi ukinywa maji, hupinda na kufunguka nyufa. Nilikuwa nimechanganya mibichi na mikavu kwa sababu machoni mwangu yote ilikuwa miti. Niliona aibu, na aibu yangu siku zote hutoka kama hasira, nikamjibu vibaya: nitajuaje, wakati hujawahi kunifundisha? Kwetu kazi ile haikuwa ya wanawake, nasi sote wawili tulilijua hilo.

Baba aliulaza ule mti mapajani. Kisha akasema, "Lete mikono yako."

Kwa siku nne tuliitenganisha. Alinifundisha kugonga mti kwa ukucha: mbichi hunyamaza, mkavu hujibu. Alinifundisha kuupima uzito kwa kidole kimoja katikati, na kuunusa kwenye ncha, maana moshi wa miaka mitatu hauondoki kwa mvua moja. Nilikosea mara nyingi. Minne ilikuwa imeharibika, nami nikaipasua kuni mwenyewe nikilia.

Tukapanga upya. Mibichi ilibaki chini ya mikungu, maana maji hayakuwa na la kuipunguzia. Ya mwaka wa pili tuliipandisha chini ya paa la zizi la mbuzi. Ile mikavu nikaitandika juu ya mafiga yangu jikoni iwe dari ya kuwekea ndizi, ipate moshi wake kama kawaida. Tezo ilikaa penye kuni. Majani ya msasa ya kulainishia niliyatia kwenye kikapu changu cha kusugulia vyungu. Zilibaki kamba za pinde, kila moja ikiitwa upote, alizozisokota Baba kwa kano za mgongo wa ng'ombe. Nilizitungia shanga nikazivaa shingoni. Karakanani tukamfunga ndama.

Askari alikuja, mtu wa pwani, akachukua zile pinde nne mbovu, na karakanani akamkuta ndama. Aliingia jikoni akala ndizi zangu mbivu amesimama chini ya miti ya upinde, akasifu shanga zangu. Nilimshukuru nikimtazama machoni. Kisha akasema mchonga pinde lazima aende bomani aonekane.

Tulikwenda kwa miguu, tukavuka mto Nduruma, Baba akiegemea mti wa miaka mitatu kama mkongojo. Lile boma la mawe, mawe yake waliyabeba ndugu zetu waliokamatwa kwa nguvu. Bwana mkubwa wa Kidachi alimwinua Baba kidevu, akayatazama macho yake yenye ukungu, akasema jambo, na askari akatufasiria: "Kipofu huyu hachongi tena. Nendeni zenu." Mkongojo ulikuwa umeanguka. Askari mwenyewe aliuokota akampa Baba mkononi.

Njia nzima Baba alitembea akiburuta miguu. Nilidhani angefurahi, lakini neno lile lilikuwa limemwingia, na moyo uliniuma kumwona akitembea vile. Tulipofika alikwenda moja kwa moja penye kuni akapapasa, akaishika tezo. Akanipa. Kisha akakaa, akaushikilia ule mkongojo kwa mikono miwili, ncha moja kifuani mwake, nyingine kwangu.

"Anzia kwako," alisema. "Nikihisi unakosea nitakwambia."

Nilichonga hadi jua likashuka nyuma ya mlima. Upinde ulipokamilika, siku nyingi baadaye, nilivua upote mmoja shingoni, shanga zikamwagika jikoni, nikaufunga. Baba aliuvuta mara moja karibu na sikio, akanirudishia.

Yule bwana wa bomani alisema kweli: kipofu hakuchonga tena. Toka siku ile nilichonga mimi.