Miche Mitatu ya Hilaria

Kwa miaka kumi na moja Hilaria aliosha vyupa katika maabara ya watafiti wa kahawa, na mwosha vyupa huchukuliwa kama hana macho. Yeye alikuwa nayo. Alipopunguzwa kazi mwaka 1992 alirudi Kibosho, kwenye kihamba, shamba la ukoo la marehemu mumewe, akaanza kufanya mwenyewe yale aliyoyaona. Mibuni ilipokaribia kuchanua, alinyofoa sehemu za kiume za ua kwa kibano cha nyusi, akalipaka chavua ya mti mwingine kwa unyoya wa kuku, kisha akalifunika tawi kwa mfuko wa khaki.

Alitaka kitu kimoja tu: mbuni usiougua chulebuni, ule ugonjwa unaoigeuza kahawa changa kuwa nyeusi. Tangu soko la kahawa liachwe huria, dawa ya ruzuku ilikuwa imebaki hadithi. Majirani waliiona mifuko wakasema mjane anafunga uchawi. Kinywa ni jumba la maneno, aliwaacha waseme.

Msimu wa tatu alipata miche arobaini. Kuijaribu maana yake ni kuiambukiza kwa makusudi, hakuna njia nyingine. Aliokota kahawa nyeusi kwa shemeji yake Sirili, ng'ambo ya mfereji, akailoweka, akainyunyizia miche maji yake na kuifunika kwa nailoni. Baada ya wiki tatu miche thelathini na saba ilikuwa imeoza. Mitatu ilisimama, mizima kabisa. Hilaria alilia kwa furaha, peke yake, maana aliogopa kumwambia mtu.

Ijumaa Sirili alivuka mfereji akiwa na panga.

"Mama Violet, mke wangu alikuona ukinyunyiza ugonjwa. Kahawa yangu imekwisha. Iko wapi hiyo miche?"

"Shemeji, ugonjwa nimeuokota kwako. Ulikuwapo tayari."

"Kumbe na shambani kwangu uliingia."

Akaiona nailoni, akaanza kuiendea. Hilaria ukweli ameusema, na ukweli umezidi kumponza. Mpakani palikuwa na mimea ya masale. Alichuma jani moja, akalifunga fundo, akamkabidhi kwa mikono miwili. Mchagga akipewa isale husamehe, apende asipende, la sivyo balaa ni lake. Ila isale hutolewa na mkosaji.

Sirili aliteremsha panga. "Basi ni wewe uliyeuleta."

"Ni mimi," alisema Hilaria, na uongo huo ulimchoma kuliko kuitwa mchawi.

Shemeji alilipokea jani, akaondoka. Kufikia Jumapili parokia nzima ilikuwa na habari, na watu walimsalimia kwa upole, kama anavyosalimiwa mtu aliyesamehewa.

Miche mitatu ikawa mibuni. Ilizaa kahawa safi misimu miwili mfululizo, huku ya majirani ikiendelea kuwa nyeusi. Hilaria alijaza mbegu kwenye kikapu akapita nyumba hadi nyumba. Kila mahali walimkaribisha kiti, wakampa pombe ya mbege, wakamuuliza habari za binti yake Violet, ila mbegu za mtu aliyekiri kuleta ugonjwa hakuna aliyezigusa. Kwa Sirili alikaa hadi jua likapungua, kikapu kikiwa miguuni.

Alirudi nacho nyumbani. Haikupungua hata mbegu moja.