Mtembeza wageni pangoni aliyemkimbia baba mkwe aliyekuja kumwokoa

Saa tatu asubuhi, Tusajigwe Mwakalobo anasukuma mtumbwi kutoka kwenye mchanga wa Ziwa Nyasa, wilayani Kyela, mkoani Mbeya. Wageni wake wawili wamevaa maboya, simu ziko juu tayari kwa picha.

Mita chache kabla ya mdomo wa pango anaacha kupiga kasia na kuwaambia ndiyo mwisho. Wageni wananuna. Walitaka kuingia.

Mpaka Aprili mwaka huu aliwaingiza hadi ndani kabisa, kwenye maji ya kijani yanayong'aa. Alitoza shilingi elfu tano kwa kila mgeni, na siku nzuri alipata kumi. Sasa akipata watatu anashukuru.

Sababu ya kutoingia tena inatisha. Mwandishi wa makala haya alimwomba airudie, akidhani hakusikia vizuri.

Tusajigwe, mwenye umri wa miaka 34, ameolewa miaka tisa. Ukoo wa mumewe bado unashika mila ya zamani ya Wanyakyusa: mke wa mtoto na baba mkwe hawatazamani, hawasemeshani, hawatajani majina. Wakikaribia kukutana, mwanamke ndiye anayejificha.

Asubuhi ile ya Aprili baba mkwe wake, Mzee Yotamu, alikuwa akipalilia mihogo kilimani, juu kabisa ya pango. Mvua ilikuwa imenyesha siku nne mfululizo. Akaona ardhi imepasuka, ufa unaoingia mguu wa mtu mzima. Akatupa jembe na kuteremka mbio.

Chini, Tusajigwe alikuwa kwenye mdomo wa pango na walimu watatu kutoka Iringa. Alipomwona mkwe wake akija ufukweni, alifanya alichofundishwa. Aligeuza uso, akapiga kasia kuingia ndani.

Mzee akapiga makofi. Tusajigwe akazidi kuingia. Mzee akarusha vijiwe majini, naye akaona amemkosea heshima na sasa anafukuzwa, hivyo akaongeza kasi. Inaumiza hata kuisimulia: kila mzee alivyojitahidi kumwokoa, ndivyo alivyomsogeza kwenye kifo.

"Nilijua nimefanya kosa, mzee amekasirika," anasema Tusajigwe. "Nikatafuta kona yenye giza nijifiche mpaka aondoke. Wageni nao sikuwaambia kitu, niliona aibu."

Mzee Yotamu, mwenye miaka 71, akaingia majini na nguo zake hadi kifuani. Kisha akaita kwa sauti: "Tusajigwe, toka. Mwamba unaanguka."

Kasia likamponyoka. Mmoja wa walimu, Veneranda, ndiye aliyelidaka na kuanza kulipiga kuelekea kwenye mwanga.

"Dada wa watu aliganda kabisa," Veneranda anasema kwa simu kutoka Iringa. "Sisi tulisikia mwamba, yeye alisikia kitu kingine."

Walikuwa wametoka kitambo kidogo tu pale kipande cha paa, kikubwa kama chumba cha kulala, kilipoangukia kwenye kona ile ile. Wimbi likaupindua mtumbwi. Maboya yakawaokoa wote wanne.

"Jiwe sikuliogopa," anasema Tusajigwe. "Niliogopa jina langu. Miaka tisa hajawahi kulitaja."

Mzee alikataa kuhojiwa. Kupitia kwa mwanawe Amos, mume wa Tusajigwe, alituma neno kwamba amevunja mila ya baba zake na hana la kujivunia. Tangu siku ile akitoka nje huzunguka nyuma ya nyumba, mkwe asimwone.

Nyumba zao zimeachana hatua hamsini.

Zipo taratibu za ukoo za kuufungua mwiko huo: wazee wakae na mbuzi achinjwe. Tusajigwe anadunduliza ili amnunue kabla ya Desemba, ndugu wakirudi nyumbani. Amos ameshakubali.

"Watu wanafikiri nataka mbuzi ili mwiko ukiisha nirudi pangoni," anasema, akifunga mtumbwi. "Mimi nataka nisimame mbele yake, nimwambie asante. Miezi sita sasa, bado sijamwambia."